Mselem Yu Ndiani

Shela,
Jumatatu, 18 Agosti 2025

Kwa Mama yangu Bi Barka,
Siyu.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama, naushika mkono wako na kuubusu kama ambavyo ningefanya lau ningekuwa mlangoni mwako sasa hivi. Naomba barua hii ikukute umeamka salama, na lile goti la kushoto limekupa nafasi ya kusujudu bila kiti. Hamdu aliniambia wiki iliyopita kwamba umeanza tena kwenda shamba peke yako asubuhi, na ukikatazwa unawaambia waliokukataza wakupishe ndia. Nikacheka. Nikajua u mzima.

Sisi huku tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Jeilani anakusalimu. Mwezi ujao anatimiza miaka mitatu na hataki tena kubebwa, isipokuwa ninapokuwa na ndoo mkononi, hapo ndipo miguu inapomuuma. Usingizi wangu ni wa vipande vipande. Ukiona mahali mwandiko umeelemea upande mmoja, ujue ameniegemea.

Hamdu, wifi yangu, najua ni wewe unayesoma kwa sauti. Salamu zako ziko mwisho, usiruke kwenda kuzitafuta. Msomee Mama polepole, mlango umefungwa, na usiache hata mstari mmoja kwa kumwonea huruma. Ukifika mahali ukashindwa, nyamaza, meza mate, kisha endelea. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu mtu analia na kukata, na hili halifai kukatwa katikati. Kulitia kwenye sauti ya wasapu nako ni aibu, maana sauti hupita mkono kwa mkono mpaka ikafika barazani.

Mama, barua hii ameichukua Maram, yule msichana aliyekuja kwako mwezi uliopita na kofia ya ukili kubwa kama ungo, ukamcheka mpaka ukajifuta machozi. Nataka nikueleze sawasawa yeye ni nani, kwa sababu haya yote yamepitia mikononi mwake.

Maram anasomea sheria Uholanzi. Wazazi wake asili yao ni Hadhramaut, kwa hiyo Kiarabu anakijua, sala anaijua, ila Kiswahili alijifunza kwenye simu, na akipishana na punda kichochoroni anamwomba radhi. Kuna kampuni huko kwao inayowaleta wanafunzi kujifunza kazi katika nchi za watu. Alinionyesha karatasi yao ya matangazo. Imeandikwa wiki nane, siku nne ofisi ya wakili na siku tatu ufukweni, na picha yake ni mchanga wetu wa Shela na nyundo ya hakimu imelazwa juu yake kama mtu anayeota jua. Nilipoiona nikasema moyoni, huyu amekuja kuogelea. Akapangishwa chumba changu cha juu, nami nikawa nampikia. Jumatatu mpaka Alhamisi yuko Langoni, mjini Amu, kwa Wakili Cherotich, anayewasaidia kina mama wenye kesi kwa Kadhi. Ijumaa mpaka Jumapili yuko pwani na kitabu chake, anarudi pua inabambuka. Wakili, mwanamke wa Bonde la Ufa asiye na simile kwa mzaha, alimwambia kwamba shahidi hawezi kusema kweli mbele ya mtu anayejimenya kama kitunguu.

Lakini nilimkosea kumdhania. Anasikiliza, Mama. Wanawake wanaokwenda pale wamezoea kukatizwa maneno. Yeye huacha kalamu na kumtazama mtu mpaka amalize.

Sasa nije kwenye faili. Najua ulisikia kwamba nimepeleka kesi ya kumuua mwanao kwa karatasi, na ndiyo maana tangu Juni hukutaka kusikia sauti yangu, ukawa unamsalimu Jeilani tu. Ukasema atakayemwita Mselem marehemu asikanyage kizingiti chako, kwa kuwa Mselem yu ndiani, anakuja. Mama, faili lile alilifungua ami yangu Abdulqadir. Ami anasema mwanamke wa miaka ishirini na sita hawezi kukaa mlangoni akimngoja mtu aliyetoka Julai ya mwaka wa ishirini na mbili. Anataka Kadhi aseme neno, kisha aniozeshe kwa mtu wake. Mimi nilikuwa navuta miguu. Nilikwenda Langoni mara mbili tu, tena kwa kusukumwa. Utaona mbele kwa nini nilikuwa navuta miguu, na hutanipenda kwa hilo.

Unakumbuka siku aliyopotea jinsi tulivyoambiwa. Mafundi wenzake walisema walimaliza kupiga lipu kwenye ile nyumba ya mgeni mwisho wa ufuo, wao wakapanda boti, yeye akasema atarudi kwa miguu kwa kuwa maji yalikuwa yametoka. Kusi ilikuwa kali, mchanga unachoma macho. Hakufika. Watu walimtafuta siku tatu na bahari haikutoa kitu. Baada ya hapo Shela nzima ikampa safari: mara yuko Oman, mara ameoa Malindi, mara ameonekana Mombasa amenenepa. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba, nafua mashuka ya wageni, nasikia mume wangu ananenepa Mombasa.

Nimekatiza hapo, Jeilani ameumwaga uji. Naendelea.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu ila mmoja. Tangu Agosti ya mwaka juzi, nyumba hii haijatulia. Huja mchana, saa sita, jua la utosi, watu wamelala na vichochoro vimenyamaza. Unajua Mselem alivyotembea baada ya ule mguu kuvunjika, wa kushoto mwepesi, wa kulia unatua kwa kishindo kidogo. Nausikia ule wa kulia tu. Unatua kwenye ngazi, unanyamaza, unatua. Nikipanda darini nakuta nguo zangu kwenye kamba na mchanga sakafuni, mchanga mkavu wa ile milima ya ufuoni, umekaa kirundo kimoja kama uliokung'utwa kwenye kiatu. Naufagia. Kesho yake uko. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliniambia nisome Ayatul Kursiyu, nikasoma. Akaniambia ni upepo. Nami nikamwambia ndiyo, ni upepo. Lakini Jeilani, ambaye hajapata kumwona baba yake akitembea, huzunguka ukumbini akiutua mguu wa kulia namna ile ile, na nikimuuliza nani kakufundisha, anatazama ngazi.

Basi Jumapili ya tarehe ishirini na saba mwezi uliopita, Maram alikwenda mbali zaidi ufuoni kuliko siku zote, kule ambako milima ya mchanga inakaribia maji. Alirudi kabla ya adhuhuri, hana kofia, hana kitabu, anahema. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba mlima umefunguka na kuna mtu. Nikamkalisha, nikampa maji. Nikamweleza kama sote tulivyoelezwa utotoni: kwamba milima ile ina mifupa ya watu wa vita vya kale, kusi ikivuma sana huwatoa, na desturi yetu anayewaona huwafunika kwa mkono wake, husoma Fatiha, na huenda zake bila kuzungumza. Nikamwambia twende nikakuonyeshe namna ya kufunika.

Akaniambia hakufunika. Alitandaza taulo lake juu na kuchomeka mwavuli, kisha akapiga picha. Akanipa simu. Mama, ulikuwa muundi, mfupa wa mguu. Na juu ya muundi kilikuwamo kipande cha chuma, kirefu kama kidole, kimeshikwa na skrubu sita. Akaniuliza, taratibu kabisa, kama watu wa vita vya kale walikuwa wakitiwa skrubu.

Nikamwambia labda ni chuma cha boti kimenata. Nilisema hivyo. Akanitazama, akaacha kunywa maji. Kisha akampigia Wakili, na Wakili akawaita polisi, na mifupa yote ikachukuliwa kwa heshima hospitali ya Amu, imefunikwa shuka. Shuka lilikuwa langu, nililitoa mwenyewe. Watu waliambiwa ni mtu asiyejulikana, na mpaka leo baraza zote zinasema hivyo.

Mama, kile chuma kina namba. Sikujua kwamba vyuma hivyo huwa na namba. Wakaandika Mombasa, hospitali ile uliyokaa kitako siku ishirini na moja ukimsugua mguu mwanao kwa mafuta ya simsim, ukamtania kwamba siku ya kiyama hutahitaji kumtafuta, utamsikia akilia njuga. Alhamisi iliyopita majibu yakaja. Namba ni ile, jina ni lile, tarehe ni ile.

Ni Mselem. Inna lillahi wa inna ilaihi raji'un.

Hamdu, mpe Mama maji. Ngoja. Usiendelee mpaka akuambie endelea.

Mama, daktari hakuona mfupa uliovunjwa na mtu wala alama ya kisu. Wanadhani alikaa chini ya mlima kujikinga na upepo, mguu ukiwa unamuuma kama ulivyokuwa ukimuuma kila kusi, na mchanga ukamporomokea. Hakwenda Oman. Hakunenepa Mombasa. Alikuwa anarudi nyumbani, na alibakisha mwendo wa nusu saa.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Yaliyotangulia ungeweza kuambiwa na mtu yeyote, hili ni mimi tu.

Maram alipoandika maelezo yangu mwezi wa saba, karatasi ilikuwa na mahali pa kujaza alama za mwilini mwa aliyepotea. Akaniuliza: kovu, jino la kutiwa, mfupa uliovunjika? Nikamjibu hana alama. Nikatia sahihi. Baadaye akaja kwako Siyu, ukamkirimu, ukamsimulia habari ya mguu na Mombasa na njuga, akaandika yote. Siku mbili baada ya kuupata ule muundi, nilikuwa jikoni nakuna nazi, akaingia na karatasi mbili. Akaziweka sakafuni mbele ya mbuzi, bega kwa bega. Yangu inasema hana alama. Yako inasema chuma, mguu wa kulia. Hakuniuliza kwa nini. Aliniuliza tangu lini.

Nikamwambia tangu Agosti ya mwaka juzi.

Nilikuwa natoka kufua kwenye nyumba moja ya mbali, saa sita mchana, Jeilani mgongoni ana miezi kumi na moja, amelala. Usiku wa kuamkia siku ile kusi ilikuwa imefungua mlima. Niliona mfupa, nikafanya kama nilivyofundishwa na bibi yangu tangu nina miaka saba. Nikapiga magoti, nikaanza kumfunika kwa kiganja huku nikisoma Fatiha. Sikutazama. Hatutazami, unajua, ni adabu. Nikafika katikati ya sura na kiganja changu kikagusa kitu baridi, Mama, kwenye mchanga unaochoma. Nikatazama. Nikahesabu vichwa vya skrubu kwa kidole. Nilikuwa nikivihesabu juu ya ngozi yake alipokuwa akiumwa, niliweza kuvihesabu gizani.

Kisha nikamaliza kumfunika. Nikamaliza na Fatiha, sikumtaja jina. Nikasimama, nikaja nyumbani, nikaanika nguo.

Usimwambie Hamdu aache kusoma. Nakuomba.

Nilijiambia ni kwa ajili yako. Kila Ijumaa ulinipigia kuuliza kama amefika, na ukaniambia umeifukiza udi kanzu yake tena ili aikute inanukia, nikasema nikimwambia huyu mama atakufa, wacha aishi na mwanawe ndiani. Nimejiambia hivyo miaka miwili. Si kweli, au ni kweli kidogo tu. Kweli yenyewe ni kwamba mke wa aliyepotea bado ana mume. Ami hakuweza kunigusa, watu waliniita Bi Mselem. Angekuwa amekufa, ningekuwa kuti linaloangukia ua wa yeyote. Na kulikuwa na aibu nyingine, ya kwamba kwa mkono wangu mwenyewe nilimzika bila kuoshwa, bila sanda, bila kusaliwa, kama mtu asiye na watu. Ningesemaje? Kila siku niliyonyamaza iliifanya siku ya pili kuwa nzito zaidi. Nilipita pale kwenda kufua na kurudi, na kila nilipopita nilimtolea salamu, naye akanifuata nyumbani.

Maram alilia. Mimi sikulia, nilikuwa nimeshika nusu ya nazi. Akasema ataipoteza karatasi yangu, atamwambia Wakili ililowa kwenye boti, aniandikie nyingine yenye chuma ndani yake, na hakuna atakayejua. Mama, nilitamani. Sitakuficha, niliona mlango wazi kabisa. Ungelia, ungezika, ungenikumbatia kama mjane asiyejua lolote. Lakini juu ya ngazi mguu ukatua. Jeilani akauacha mchezo wake akatazama juu, na Maram naye akatazama juu, Mama, naye hakupata kuambiwa na mtu.

Nikamwambia mdogo wangu, umekuja kwetu kujifunza sheria, usirudi kwenu umebeba hili langu. Nikavaa buibui, tukaenda pamoja Langoni. Wakili Cherotich alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema tutaandika kiapo kipya chenye kweli yote, na nitasimama mbele ya Kadhi nikisome. Nitasimama. Kuhusu eda, wamenieleza kwamba mwenye mimba akifiwa eda yake huisha anapojifungua, kwa hiyo sidaiwi. Ndivyo walivyosema. Nimemwomba tu Wakili azuie habari isitoke mpaka wewe uisikie kutoka kwangu, naye amezuia.

Tangu siku ile ngazi imenyamaza. Sifagii tena mchanga. Lakini sijapumzika, kwa sababu wewe hujajua, na leo ndipo umejua.

Sasa nakuomba mambo na nakuambia jambo, usiyachanganye.

Nakuomba radhi. Nilikunyima kaburi la mwanao miaka miwili, nikakuacha ukifukiza kanzu. Ukisema hunipi, nitaipokea hukumu hiyo na sitamlalamikia mtu. Ukisema nisikanyage kizingiti chako, sitakikanyaga, nitasimama nje na kumwingiza Jeilani akusalimu.

Nakuambia hili: Jeilani ni wako, atakuja Siyu kila sikukuu na kila ukimtaka, atajua jina la babu yake na shamba lake. Lakini kulea nitamlea mimi. Kosa nililolifanya nitalilipa kwa kila kitu nilicho nacho isipokuwa yeye. Na kwa Ami nimeshasema, siolewi na mtu wa kutafutiwa.

Alhamisi watatukabidhi Mselem. Ijumaa baada ya sala atasaliwa. Mahali pa kumzika sikupachagua, nakuachia wewe: ukitaka Shela, ukitaka Siyu penye baba yake. Mimi nilimchagulia mara moja, sina haki ya mara ya pili. Maram anamalizia mapumziko yake Kiwayu. Kesho atapita kwenu kuacha barua hii, na Alhamisi maji yakijaa boti yake itaingia mkondo wa Siyu tena. Viti viwili ni chako na cha Hamdu. Hatawashawishi, nimemkataza. Atawangoja na boti mpaka maji yaanze kutoka.

Nisalimie majirani wa kulia na kushoto, na yule mbuzi wako mwizi. Hamdu, wifi yangu, salamu zako ndizo hizi, na pole ya kaka yako, na samahani kwa kukubebesha sauti yangu. Jeilani amechora mkono wake chini ya karatasi, ameufuata kidole kwa kidole ili bibi aushike.

Mimi nitakuwa gatini Alhamisi tangu mapema, njoo au usije.

Na ukija, Mama, usije na kanzu, haimfai tena. Njoo na udi uliokuwa ukiifukizia, tumfukizie sanda. Hayuko ndiani. Amefika, ananingoja mimi na wewe tumwingize ndani.

Mkweo mwenye kosa,
Tima